Kitabu cha Tippu Tip na Deni la Tajiri

Katika nchi ya Kasongo na Kabambare hakuna haja ya kumweleza mtu jina la Tippu Tip. Wengine hulitaja kwa heshima, wengine kwa uchungu, na watoto wa shule hulikuta katika somo la historia pamoja na tarehe mbili tatu. Lakini ni wachache waliosoma maneno yake mwenyewe. Na kumbe mtu huyu aliandika kitabu, tena aliandika kwa Kiswahili, lugha iliyoingia Maniema kwa njia ya misafara yake na ya wenzake.

Leo twataka kukipima kitabu hicho. Hatutakipima kama habari za vita, maana vita vya Waarabu na Serikali ya Leopold vimekwisha kusimuliwa mara nyingi. Tutakipima kama maneno ya tajiri juu ya biashara yake. Siku hizi twasikia sana kwamba kampuni yapaswa kuwatendea mema watu wa mahali inapochuma mali: iwajengee shule, iwachimbie visima, iwatengenezee barabara. Ni maneno mazuri. Lakini kampuni haina moyo wala dhamiri. Mwenye moyo ni mtu anayeiongoza. Basi yafaa tuulize: yale anayoyathamini tajiri moyoni mwake yaingiaje katika biashara yake, na watu wa nchi hupata nini au hukosa nini kwa sababu hiyo? Tippu Tip hakukusudia kujibu swali hili. Hata hivyo kitabu chake chalijibu, na jibu lake latuhusu hata leo.

Kitabu chenyewe

Jina lake la haki ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akafa huko huko mwezi wa Juni 1905. Katika uzee wake Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, alimwomba aandike habari za maisha yake. Akaziandika kwa herufi za Kiarabu, naye Brode akazigeuza katika herufi za Kilatini na kuzitafsiri kwa Kijerumani. Zikachapwa Berlin miaka ya 1902 na 1903; baadaye zikaitwa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe. Baadaye Mwingereza W. H. Whiteley alizitafsiri kwa Kiingereza. Mwaka 1974 Padre François Bontinck, mmisionari wa Scheut aliyefundisha Kinshasa, alizitoa kwa Kifaransa pamoja na maelezo mengi. Kwa hiyo msomaji wa Maniema aweza kuchagua Kiswahili au Kifaransa, mradi akipate kitabu.

Kiswahili chake ni kitamu. Sentensi ni fupi, hazina mapambo. Watu husemezana ndani yake kama barazani: huyu asema hivi, yule ajibu vile, na mwandishi hupita haraka kwenda jambo jingine. Akiwa mtoto wa miaka 12 aanza biashara ya sandarusi pamoja na ndugu zake. Kisha amfuata baba yake barani. Kisha apata mali ya mkopo kwa wafanya biashara wa Unguja, na katika safari zake kubwa hasa kwa Mhindi Taria Topan, akaanza kusafiri kwa nafsi yake. Twamfuata Itawa, Urua, Utetela, Nyangwe, mpaka Kasongo, na kurudi tena pwani. Anayetaka kujua namna msafara ulivyokusanywa na kulishwa, na namna ulivyogombana njiani, hana budi kukisoma. Kwa habari hizo ni kitabu cha thamani kubwa, na mwandishi wake ana jicho kali.

Tajiri mwenye neno lake

Tutaje kwanza yaliyo mema, maana yamo, nasi hatupendi kumhukumu mtu kwa nusu ya habari.

Tippu Tip alikuwa mtu wa kushika neno lake mbele ya wenzake. Mali aliyokopa Unguja ilikuwa deni kweli kweli, na safari zake ndefu zilikuwa pia safari za kulipa deni. Wageni waliopita katika nchi aliyoishika waliona ukarimu wake. Livingstone alikutana naye mwaka 1867, Cameron mwaka 1874, na wote wawili walipata msaada wake. Mwaka 1876 alipatana na Stanley kumsindikiza mwendo wa vituo 60 kuufuata mto Lualaba, kwa riale 5,000. Safari ile ilivunjika kabla ya kutimia, nao wakagawana lawama. Katika kitabu twaona wazi jambo lililomchoma moyo: Stanley alimwahidi zawadi nyingi, na baadaye akampelekea picha yake. Hasemi kwa matusi, ila msomaji asikia uchungu. Kwa Tippu Tip ahadi ni deni, na mtu asiyelipa deni amejishusha.

Kuna jambo kubwa kuliko hilo. Mwezi wa Februari 1887, huko Unguja, aliandikiana tena na Stanley. Akakubali kuwa wali wa Stanley Falls, mahali paitwapo Kisangani leo, kwa niaba ya Leopold wa Pili, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Akakubali pia kutafuta wapagazi wa safari ya kumwokoa Emin Pasha. Wapagazi walichelewa, mambo yakaharibika, kila upande ukasema mwenzake ndiye aliyevunja mapatano. Stanley akapeleka daawa Unguja, na fedha ya Tippu Tip iliyokuwa mikononi mwa Taria Topan ikazuiwa. Ndipo mwaka 1890 Tippu Tip alipotoka Kasongo kwenda pwani kujibu. Njiani akaugua sana, akafika Unguja mwaka 1891. Stanley hakuiendeleza daawa yake.

Tulifikiri jambo hili. Mtu mwenye nguvu kuliko wote katika Maniema, mwenye bunduki kwa maelfu, asafiri miezi mingi kwa sababu mtu mmoja amemwita mbele ya kadhi juu ya mapatano ya karatasi. Hakusema, “Atanifanya nini?” Alijua kwamba mwenye biashara asiyejibu daawa amekwisha kupoteza biashara yake. Hii ni adabu ya tajiri, nayo si adabu ndogo.

Wasiokuwamo daftarini

Lakini sasa tugeuze ukurasa, tuangalie upande wa wale waliobeba mizigo.

Katika nchi ya Itawa, mwaka 1867, Tippu Tip alimshinda mtemi Nsama na kuteka mali yake. Kitabu chatupa hesabu: pembe frasila 1,950, na shaba frasila 700. Frasila moja ni kama kilo 16. Pembe peke yake, basi, ni zaidi ya kilo 31,000. Tukikisia mpagazi mmoja abebe frasila mbili, yahitajiwa watu 975 kwa pembe tu, bila shaba, bila vyakula, bila nguo na baruti. Watu hao ni karibu 1,000, wenye mama zao na watoto wao, na vichwa vyao ndivyo vilivyopeleka mali ile pwani. Pembe tunazijua mpaka frasila ya mwisho. Watu hutajwa kwa mkumbo.

Si kwamba hawaonekani kamwe. Mahali pamoja wapagazi wenye njaa wala muhogo mchungu, waugua, wengine wafa. Naye Tippu Tip awapikia waliobaki mchuzi wa mbuzi wenye pilipili na tangawizi. Mahali pengine wapagazi wa Kinyamwezi wamtoroka, naye arudi katika nchi ya pwani na kukamata watu wapatao 800 kwa nguvu ili mizigo iende. Asema kwamba kwa ajili hiyo watu walimpa jina la chui. Anaisimulia habari hii bila aibu, kama mtu anavyosimulia namna alivyovuka mto uliofurika. Kwake kukosa wapagazi ni shida ya safari, sawa na mvua.

Na ile biashara ya watu? Anayetazamia kuona habari zake atashangaa, maana kitabu chasema machache sana juu yake. Watu wa wakati wake walikadiria kwamba mwaka 1895 alikuwa na mashamba 7 huko Unguja na watumwa wapatao 10,000. Mtu hawezi kuwa na watu wengi hivyo bila habari ndefu, lakini habari hiyo haikupewa nafasi. Hapa ndipo upungufu mkubwa wa kitabu, na twasema ni upungufu wa kitabu kwa sababu ni upungufu wa mwandishi: hakuona kwamba kuna jambo la kueleza.

Utetela nako ni vivyo hivyo. Alisikia kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wa mtemi wa huko walitekwa na kupelekwa mbali. Akadai kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mtemi mzee Kasongo Rushie akamsadiki, akampa nchi na pembe zake. Msomaji acheka, maana hila imesimuliwa kwa ustadi. Lakini akifunga kitabu, hebu ajiulize: mtu aliyekasirika kwa kupelekewa picha badala ya zawadi, mbona hakuona deni lolote kwa mzee aliyempa nchi nzima kwa kuamini neno lake?

Wengine watasema: “Alikuwa mtu wa wakati wake. Msimpime kwa mizani ya leo.” Ni neno la haki, lakini halitoshi. Sisi twampima kwa mizani yake mwenyewe. Alijua maana ya mkataba, alijua maana ya ahadi iliyovunjwa, alijua kwamba mwenye kudai ana haki ya kusikilizwa. Mafundisho hayo alikuwa nayo tangu utoto, tena aliyashika. Ila aliyashika kwa watu fulani tu: Mwarabu mwenzake, Mhindi mwenye fedha, Mzungu mwenye karatasi. Mpagazi hakuwamo. Nao wapagazi waliielewa tofauti hiyo vizuri. Kutoroka kwao usiku ndiko kulikokuwa daawa yao, maana kadhi wa kumsikiliza mpagazi hakuwako.

Na tukumbuke biashara ile ilivyoiacha nchi yetu. Livingstone alikaa miezi mingi mgonjwa pale alipopaita Bambarre, ndiyo Kabambare, mwaka 1870 na mwanzo wa 1871. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara wakipiga bunduki sokoni, na wanawake kwa mamia wakifa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Hawakuwa watu wa Tippu Tip, wala yeye hakuwa amefika Nyangwe bado. Lakini ilikuwa biashara ile ile, yenye daftari lile lile.

Mji uliobakia

Tippu Tip alipokaa Kasongo, tangu mwaka 1875 hivi, mji ulistawi. Sidney Hinde, daktari aliyekuja pamoja na jeshi la Serikali ya Leopold, alishangaa kuona mashamba ya mpunga, miwa, kahawa na michungwa, na nyumba zenye vyombo vya pwani. Mpunga wa Maniema na Kiswahili chetu cha Kingwana vina mizizi katika miaka ile. Kabambare nacho kilikuwa kituo katika njia ya Kasongo kwenda Mtoa, kwenye Ziwa Tanganyika. Hatuwezi kukana mambo hayo, na mtu alaye wali Kasongo leo asingefaa kuyakana.

Lakini tuangalie yaliyotokea baadaye. Tippu Tip aliondoka mwaka 1890, asirudi tena. Mwanawe Sefu akashika mahali pake. Mwaka 1892 Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wake mkubwa upande wa magharibi, akageukia Serikali ya Leopold. Machi 1893 Nyangwe ikaanguka. Tarehe 22 Aprili 1893 Kasongo ikaanguka. Januari 1894 Kabambare ikatwaliwa. Kazi ya miaka mingi ikaisha katika miaka mitatu na kidogo baada ya mwenyewe kuondoka.

Mizinga na bunduki zilifanya sehemu yake, ni kweli. Lakini mji huo uliunganishwa na nini? Uliunganishwa na mtu mmoja, ukarimu wake na hofu yake. Akimpenda mtu, alimpa. Akimchukia, alimvunja. Hapakuwa na kitu ambacho mtu wa kawaida angeweza kusema, “Hiki ni haki yangu, hata bwana akifa.” Ukarimu wa namna hiyo hufuatana na mwenyewe, akifunga mizigo yake, nao wasafiri. Wala walioshinda hawakuleta daftari jingine. Serikali ya Leopold nayo ilihesabu pembe, kisha mpira, wala haikuhesabu mikono iliyovileta; na Ngongo Lutete mwenyewe, aliyewasaidia kushinda, walimpiga risasi Septemba 1893.

Tajiri wa sabuni

Mtu asidhani kwamba kasoro hii ni ya Waarabu wa zamani tu, au ya watu wasiokuwa na nia njema. Hapa Kongo tumepata mfano mwingine, tena wa mtu aliyejulikana duniani kwa wema wake.

William Lever, ambaye baadaye aliitwa Lord Leverhulme, alikuwa Mwingereza mwenye kiwanda cha sabuni. Mwaka 1888 alianza kujenga karibu na Liverpool kijiji cha wafanyakazi wake, kiitwacho Port Sunlight: nyumba imara, bustani, shule, na baadaye hospitali. Alisadiki kwa moyo wote kwamba mfanyakazi apaswa kupata sehemu ya heri ya biashara. Mwaka 1911 alipatana na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo matano makubwa ya michikichi katika Kongo. Mapatano yenyewe yalimtaka ajenge hospitali na shule. Leverville, juu ya mto Kwilu, ikawa mji wa jina lake.

Je, ile roho ya Port Sunlight ilivuka bahari? Jules Marchal, Mbelgiji aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na kisha balozi, alizipekua karatasi za serikali ile, akachapa mwaka 2001 kitabu kiitwacho Travail forcé pour l’huile de palme de Lord Leverhulme. Jina la kitabu latosha kueleza: kazi ya kulazimishwa kwa ajili ya mafuta ya mawese. Watu waliandikwa kazi kwa mkono wa serikali na wa machifu, wakapanda michikichi kwa ujira mdogo, mbali na nyumba zao. Lever alikufa mwaka 1925, na mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi; kodi, bei ndogo ya ngazi na kazi ya nguvu vilikuwa kati ya sababu zake. Waliuawa mamia.

Lever hakuwa mnafiki, kama Tippu Tip asivyokuwa mwongo mbele ya Taria Topan. Wema wake ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na mpaka, na mkata mawese wa Kwilu alikuwa nje ya mpaka huo. Hivyo twaona kwamba swali la kwanza juu ya tajiri si kama ana moyo mwema. Wengi wanao. Swali ni hili: anapohesabu watu anaowiwa nao, aishia wapi?

Dhahabu ya Namoya

Sasa turudi nyumbani, kwenye teritwari ya Kabambare, huko Salamabila kwenye vilima vya Namoya.

Mwaka 1976 kampuni kadhaa za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa, zikaitwa Sominki. Wazee waikumbuka Sominki kwa hospitali zake na shule zake, maana mfanyakazi alipata dawa na mtoto wake alipata kusoma. Lakini mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, kampuni ikadhoofika, na mwaka 1997 ikavunjwa. Hospitali na shule zilizokuwa mali ya kampuni zilibaki kama watoto wa marehemu. Watu wa Salamabila wakashika majembe na karai, wakachimba dhahabu wenyewe ili wale.

Kisha ikaja kampuni ya Banro, yenye makao yake Toronto katika Kanada. Mfuko wake wa misaada, Banro Foundation, ulianzishwa mwaka 2005, ukajenga shule na zahanati katika sehemu za migodi yake. Desemba 2013 mitambo ya Namoya ilitoa dhahabu ya kwanza. Lakini juu ya vilima vile vile walikuwako wachimbaji wadogo. Kwa karatasi za serikali hawakuwa na haki. Kwa macho yao wenyewe walikuwa wameokota jembe lililoangushwa na Sominki. Ugomvi juu ya vilima haukuisha, nao ukaingiliwa na watu wenye bunduki, wale Mai-Mai Malaika. Julai 2019 wafanyakazi wa mgodi walitekwa nyara, na Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi.

Hatusemi kwamba shule zile hazikuwa na faida. Mtoto aliyejifunza kusoma amejifunza. Wala hatusemi kwamba mwenye bunduki alikuwa na haki, maana risasi za barabarani humwua dereva na mama wa soko, hazimfikii mkubwa wa Toronto. Twasema tu kwamba zawadi na haki ni vitu viwili. Mtu aliyeondolewa kilimani auliza habari ya kilima. Ukimjibu kwa darasa lenye mabati mapya, atashukuru kwa darasa, na kesho atauliza tena habari ya kilima.

Mizani ya kumpimia tajiri

Tukirudi kwenye kitabu cha Tippu Tip, twaweza kuchukua humo mizani ya maswali matatu. Yawafaa wakubwa wa migodi, na yamfaa vilevile mnunuzi wa mpunga pale Kasongo, mwenye pikipiki tano na vijana wa kuziendesha.

La kwanza: nani yumo daftarini mwake? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu pia hupotea hivyo. Tajiri ajuaye bei ya kila gramu ya dhahabu, lakini hajui ni wangapi waliovunjika mguu shimoni mwaka huu, amekwisha kutuonyesha anachokithamini. Mnunuzi mwenye kopo la kupimia lililobonyezwa chini naye ameandika daftari lake, hata kama hajui kuandika.

La pili: nani aweza kumwita barazani? Stanley aliweza kumwita Tippu Tip, naye akaja. Mpagazi hakuweza. Wema wa tajiri haujakomaa mpaka mtu mdogo kuliko wote aweze kumdai bila hofu. Hapa sheria yasaidia. Sheria Na. 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyotengeneza upya sheria ya madini ya Kongo, yaitaka kampuni itoe kila mwaka fungu lisilopungua asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya watu wa mahali pa mgodi, na kuandikiana nao hati ya mapatano. Tuangalie neno “mauzo”. Asilimia ya faida hungoja faida, na faida huhesabiwa na mwenye kampuni baada ya kutoa gharama na madeni. Asilimia ya mauzo huanza na dhahabu ya kwanza iuzwayo. Tena katika ushuru wa madini, kila faranga 100 zagawanywa hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa serikali ya mahali penyewe, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hii si zawadi. Ni deni lililoandikwa.

Je, basi, moyo wa tajiri hauna maana tena, maadamu sheria ipo? Hapana. Sheria haiendi yenyewe Salamabila kwa miguu. Hati ya mapatano huandikwa na watu. Kiongozi mmoja atamwita chifu peke yake, akamwekea bahasha mezani, na hati ikatiwa sahihi kabla ya jua kuchwa. Mwingine atawaita akina mama wanaotwanga mawe, vijana wachimbaji, mwalimu na muuguzi, akangoja wiki tatu wabishane. Sheria ni moja, na hati ni mbili tofauti. Na zile faranga 15 za serikali ya mahali zatupima sisi wenyewe. Kama zikiishia mfukoni mwa mkubwa wetu, hatuna haki ya kumnyoshea kidole mkubwa wa ng’ambo, maana nasi tumeandika daftari la Tippu Tip.

La tatu: akiondoka leo, kitabaki nini? Kasongo ya Tippu Tip ilibaki miaka mitatu. Hospitali za kampuni zilizimika pamoja na kampuni. Tajiri mwenye hekima hujenga kitu kisichohitaji yeye awepo: shule ambayo mwalimu wake analipwa kwa fungu lililowekwa kwa sheria, fundi kijana aliyefundishwa kazi hata aweze kuifanya popote, barabara yenye watu walioachiwa kazi ya kuizibua mitaro.

Neno la mwisho juu ya kitabu

Je, kitabu hiki kinafaa kusomwa? Chafaa sana. Mwalimu wa Kasongo au wa Kabambare angefanya vyema kukisoma na wanafunzi wake wakubwa, kwa maana watapata humo Kiswahili safi, habari za nchi yao wenyewe, na mtu hodari anayejieleza bila kujificha sana. Wasisome kwa kumwabudu wala kwa kumtukana. Kila mahali patakapotajwa frasila, waandike pembeni hesabu ya watu walioibeba. Kila mahali patakapotajwa ahadi, waulize ilifanywa kwa nani, na kama huyo aliweza kuidai.

Wakimaliza, watakuwa wamejifunza historia, tena watakuwa wamejifunza kusoma hesabu za matajiri wa siku zao. Maana katika Maniema mali haijaisha. Dhahabu ipo, bati lipo, mpunga upo, nao watakaokuja kuvinunua watakuwa wengi, wenye maneno matamu na picha za shule mpya. Kijana aliyekisoma kitabu hiki vizuri atawakaribisha kwa heshima, atawapa kiti, kisha ataomba aonyeshwe daftari.